Tamathali za Viumbe wa Baharini Zisizopwaya: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Maandiko kuhusu bahari ninayoletewa niyapitie yana tatizo moja. Kasa analia. Pomboo anatabasamu. Papa ni muuaji katili. Bahari ni zulia la buluu, na mawimbi yanacheza ngoma. Mwandishi anazijua tamathali, yaani lugha ya mifano: tashibihi (kufananisha kwa "kama"), sitiari (kufananisha bila "kama"), tashihisi (kumpa asiye mtu sifa za mtu). Alifundishwa shuleni na akafaulu mtihani. Lakini ukifika mwisho wa ukurasa hujamwona kiumbe hata mmoja.

Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi, na bado watu wanakwama palepale. Sasa naliandika lote. Mfano wangu mkuu ni pweza, kwa sababu anafikika kwa miguu: huhitaji chombo wala kuzamia. Ukishamweza pweza, njia ni hiyohiyo kwa kasa, taa (yule samaki bapa), kaa au nyangumi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na penseli mbili. Kalamu ya wino inagoma kwenye karatasi yenye unyevu.
- Kalenda inayoonyesha mwezi. Maji ya bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo bahari hupwa hadi mwamba ukabaki wazi. Katikati yake ni maji mafu, na wahenga walishasema: maji mafu, mvuvi kafu. Mwandishi naye hana kazi siku hizo.
- Viatu vya soli ngumu, kwa ajili ya mwamba na miiba.
- Mtu wa bahari: mvuvi, mzamiaji, au mama anayechokoa pweza. Huyu hana mbadala.
- Kamusi ya Kiswahili, ya kufungua ukirudi nyumbani.

Simu iache mfukoni. Ukipiga picha utaandika ukiitazama picha, na picha haina harufu wala haioneshi kasi.

Hatua ya 1: Chagua kiumbe mmoja, siku moja

Usiandike "viumbe wa baharini". Andika pweza mmoja uliyemwona kwenye maji kupwa ya asubuhi moja. Sababu ni rahisi: sifa zinazowahusu viumbe wote, kama urembo, maajabu na rangi za kuvutia, hazimhusu yeyote kati yao.

Tahadhari mbili. Uliza mapema maji yanageuka saa ngapi, na yakianza kujaa, rudi. Pili, usiokote konokono wa baharini mwenye ganda lenye umbo la pia, hata awe na nakshi nzuri namna gani. Baadhi yao wana sumu inayoweza kumuua mtu mzima. Na jiwe lolote ulilogeuza, lirudishe lilivyokuwa. Chini yake ni makazi ya wenyewe.

Hatua ya 2: Andika kwanza bila tamathali yoyote

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa saa nzima ni marufuku kuandika *kama*, *mithili ya*, *mfano wa* au *utadhani*. Andika ulichoona, ulichosikia, ulichogusa, ulichonusa. Sentensi ziwe fupi na kavu.

Haya ni maandishi yangu ya asubuhi moja kule Jambiani, mashariki ya Unguja, nilipofuatana na bibi mmoja aliyekuwa akichokoa pweza:

*Shimo chini ya jiwe, upana wa kiganja. Nje ya shimo maganda matatu ya kaa, matupu. Jicho limetokeza. Mboni ni mstari mweusi, umelala. Fimbo inakaribia. Mwili unatoka kahawia kuwa mweupe, halafu kahawia tena, kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Ngozi ilikuwa nyororo, ghafla imeota vipele. Mkono mmoja unatoka, unagusa fimbo, unakaa hapo.*

Mimi nisingeliona lile shimo. Niliona jiwe tu, na mawe yalikuwa mamia. Bibi alisimama, akaelekeza fimbo kwenye yale maganda, akaniambia: "Mwenye nyumba yumo, mwanangu. Taka zake hizo mlangoni."

Niliyaandika maneno yake vilevile. Tutayarudia katika hatua ya 7, kwa sababu yale maneno manane yana tashihisi bora kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Umefaulu hatua hii ukiwa na angalau mambo kumi, na kati ya hayo matatu hukuyajua kabla ya kutoka nyumbani. Kama yote kumi ungeweza kuyaandika ukiwa sebuleni, hukutazama. Rudi.

Hatua ya 3: Uliza jina, kisha lifungue

Kabla hujabuni tamathali yako, fahamu ile ambayo lugha imeshaibuni. Majina mengi ya baharini ni sitiari zilizozoeleka hadi hatuzioni tena.

Kuna kiumbe mwenye miguu mitano anayelala mchangani, ambaye mwandishi wa leo hukimbilia kumfananisha na nyota. Kiswahili humwita *kiti cha pweza*. Waliomtazama kabla yetu hawakuona nyota. Waliona kiti, tena wakajua ni nani wa kukikalia. *Jongoo bahari* anatambaa mchangani kwa mwendo wa jongoo wa shambani. Yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye Mafia wanamwita *potwe*, baadhi ya wavuvi wa pwani ya Kenya humwita *papa shilingi*, kwa sababu mgongo wake umejaa madoa meupe mfano wa sarafu zilizomwagwa.

Fanya hivi: muulize mtu wa bahari jina la kiumbe wako, kisha muulize kwa nini anaitwa hivyo. Andika majibu yote mawili. Jina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na kila jina ni jicho la mtu mwingine.

Kosa la kuepuka ni kuweka tamathali juu ya tamathali. "Kiti cha pweza kiling'aa kama nyota" ni sentensi inayomvuta msomaji huku na huku. Ama ukae na kiti, ama ukae na nyota. Mimi ningekaa na kiti.

Hatua ya 4: Shika sifa moja, uitafutie kifananishi chake

Sasa ruhusa ya *kama* imefunguliwa. Chukua jambo moja tu kutoka orodha yako, lile lililokushtua. Kwangu lilikuwa ile rangi. Nilijaribu mara tatu, na nakuonesha zote ili uone kazi inavyokwenda.

*Jaribio la kwanza: Pweza alibadilika rangi kama kinyonga.* Hiki ndicho kifananishi kinachomjia kila mtu kwanza, na hiyo pekee inatosha kukishuku. Lakini kosa kubwa ni la kasi. Kinyonga huchukua muda. Pweza hubadilika chini ya sekunde moja.

*Jaribio la pili: Pweza alibadilika rangi kama taa za disko.* Kasi imepatikana, ila maana imegeuka kichwa chini. Taa za disko zinawaka ili zionekane. Pweza aliye shimoni na fimbo iko mlangoni hataki kuonekana.

*Jaribio la tatu: Rangi ilimpita mwilini kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya bonde la mpunga.* Hapa pana kasi, pana ukimya, na pana jambo ambalo sikulitarajia: bonde halisogei. Kinachopita ni kivuli tu, na pweza naye hakusogea. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti waliomchunguza pweza huyuhuyu wa miamba yetu, *Octopus cyanea*, waliupa mchezo huo wa rangi jina lenye maana ya wingu linalopita. Nilifurahi sana. Macho yaliyotazama kwa subira yalikutana mahali pamoja bila kuambiana.

Kwa hiyo, kila ukipata kifananishi, kiulize maswali matatu. Kina kasi ileile? Kina uzito uleule? Kinafanya jambo kwa lengo lilelile? Kikishindwa swali moja, tafuta kingine.

Kitafute wapi? Karibu. Jikoni, shambani, sokoni, msibani, arusini. Yavuyavu (yule kiumbe laini anayeelea majini) "mweupe kama theluji" hamsaidii msomaji wa Lindi ambaye hajawahi kuigusa theluji, wala rangi yenyewe si hiyo. Yavuyavu ana weupe wa tui la pili, lile jepesi linalobaki baada ya kukamua kasimile, ambalo ukiinua bakuli unaona kitako chake. Kila aliyewahi kushika kifumbu anaiona rangi hiyo hapo hapo.

Au ngozi ya papa. Usiseme ni "ngumu kama chuma". Siku ukipata nafasi sokoni, ipapase kutoka kichwani kuelekea mkiani: laini. Rudisha mkono kinyume chake: msasa. Ngozi ile imejaa vijino vidogo vilivyolala kuelekea nyuma. Tamathali inayosema "msasa" bila kutaja upande wa kupapasa imesema nusu.

Hatua ya 5: Itege kama kitendawili

Kama utachukua kitu kimoja tu katika mwongozo huu, chukua hiki. Futa jina la kiumbe kwenye sentensi yako. Kisha mtegee mtu wa bahari.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Kivuli cha wingu kinampita, naye hajatoka nyumbani."

Akijibu pweza, tamathali yako imekaa. Akijibu "labda ngisi", uko karibu. Ngisi naye hubadili rangi, lakini hana nyumba, kwa hiyo litilie nguvu lile neno *nyumbani*. Sasa mtegee hiki: "Ni malkia mrembo wa bahari." Atakutajia viumbe kumi, au atanyamaza. Sentensi inayowafaa kumi haimfai hata mmoja.

Kitendawili na tamathali ya mazingira ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinaficha jina na kuacha sifa ifanye kazi ya kumtambulisha mwenyewe. Ndiyo maana ukweli wa kisayansi, ambao waandishi wengi huuogopa wakidhani utaikausha lugha, huleta vitendawili vikali: *Ana mioyo mitatu, mfupa hata mmoja hana. Damu yake ni ya buluu.* Hakuna chumvi iliyoongezwa hapo. Pweza ana mioyo mitatu kweli, na damu yake ni ya buluu kwa sababu kinachobeba oksijeni ndani yake kina shaba, si chuma kama yetu.

Kipimo changu: majibu yakiwa matatu au zaidi, andika upya.

Hatua ya 6: Ondoa "kama" inapostahili

Tashibihi ikishamkaa msomaji, mara ya pili huhitaji kumkumbusha kwamba ni mfano. Mara ya kwanza: *kama kivuli cha wingu*. Mara ya pili: *wingu likapita tena*. Hiyo tayari ni sitiari, na msomaji anakufuata kwa sababu ulimjengea njia.

Ukianza moja kwa moja na sitiari, bila kumtayarisha, atadhani kweli mbingu zimetanda. Na ukiwa na wingu, usilete moto, kioo na upanga katika aya hiyohiyo. Hapo taswira zinagombana na hakuna inayoshinda.

Hatua ya 7: Tashihisi, kwa uangalifu mkubwa

Hapa ndipo maandiko mengi yanapozama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiswahili kina mtego wake wa pekee. Wanyama wote tunawaingiza katika ngeli ya A-WA, ngeli ya watu. Pweza *ametoka*, kasa *amerudi*, sawasawa na jirani ametoka au shangazi amerudi. Sarufi imekwisha kumpa kiumbe nusu ya utu kabla hujaandika neno la pili. Ukimwongezea "kwa huzuni" na "akiwawaza wanawe", umemjaza utu hadi mnyama mwenyewe amefukuzwa ukurasani. Niliwahi kumsomea mvuvi mzee aya yangu kuhusu kasa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Huyo si kasa, mwanangu. Huyo ni mtu."

Tumchukue kasa huyo. Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yanayoweza kuzidi 100, hufukia, hurudi majini. Muda wote huo macho yake yanachuruzika. Mwandishi anaona na kuandika: *Kasa alilia kwa uchungu wa kuwaacha wanawe.*

Machozi yale ni chumvi. Kasa huishi katika maji ya bahari, na tezi zilizo karibu na macho yake hutoa chumvi iliyozidi mwilini. Huitoa hata akiwa baharini. Ila huko hatuioni. Kumbe sentensi ile imemsingizia hisia na imeficha jambo la ajabu zaidi kuliko kilio.

Irekebishe bila kupoteza uzuri: *Kasa alikuwa akiirudisha bahari kwa macho, tone kwa tone.* Bado ni tamathali. Bado inagusa moyo. Lakini sasa inasema kweli, na ukiitega kama kitendawili jibu ni moja. Ukienda kumtazama kasa mwenyewe, usiwashe tochi wala kumkaribia, maana mwanga na purukushani vinaweza kumrudisha majini kabla hajataga.

Pomboo ni vilevile. "Tabasamu" lake ni umbo la taya. Analo akiwa mzima, akiwa mgonjwa, akiwa amekufa ufukweni. Ukilihitaji neno hilo, andika: *uso wake umechongwa tabasamu asiloweza kulivua.* Papa naye, akila amekula. *Katili* ni neno la mahakamani.

Sasa rudi kwa bibi wa Jambiani. "Mwenye nyumba yumo. Taka zake hizo mlangoni." Amempa pweza nyumba, mlango na taka. Ni tashihisi tupu, na kila neno lina shahidi: shimo lipo, uwazi wake upo, maganda yapo, na pweza kweli hula akiwa shimoni na kuyaacha mabaki nje. Hakumpa huzuni, hakumpa fikra. Alimpa *mwenendo*.

Basi kanuni yangu ni hii: mpe kiumbe tendo la mtu pale unapoweza kunyooshea kidole ushahidi. Hisia za mtu, mwachie mtu.

Pweza jike akishataga hukaa shimoni kulinda mayai. Huyasafisha, huyapulizia maji, hali kitu, na hufa karibu na wakati mayai yanapoanguliwa. Hapo neno *mama* limestahili na huhitaji kuongeza chochote. Waandishi huharibu aya hii kwa kutia machozi. Iandike kikavu, kama nilivyoiandika sasa, na umwamini msomaji wako.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti

Kiswahili kina tanakali za kutosha, maneno yanayoiga sauti au hali: *chubwi* kwa kitu kinachotumbukia majini, *tuli* kwa utulivu, *pe* kwa weupe, *ti* kwa weusi. Zitumie pale tu sauti au hali hiyo ilipokuwapo kweli. Pweza hana sauti ya kusikika, kwa hiyo kinachomfaa ni *tuli*. Soma aya yako mbele ya mtu. Ulimi ukijikwaa, sentensi ni ndefu mno.

Hatua ya 9: Punguza, halafu ipeleke pwani

Acha tashibihi moja yenye nguvu kwa kila aya. Zilizobaki zifute, hata zile unazozipenda. Aya yangu ilipomalizika ilikuwa hivi:

*Maji yalikuwa yamepwa hadi kwenye kifundo cha mguu. Chini ya jiwe palikuwa na shimo la upana wa kiganja, na mlangoni maganda matatu ya kaa, matupu. Mwenye nyumba alikuwamo. Jicho lilitokeza, mboni imelala, mstari mweusi. Fimbo ilipokaribia, rangi ilimpita mwilini kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya bonde la mpunga. Mkono mmoja ukatoka, ukaigusa fimbo, ukakaa hapo. Tuli. Wingu likapita tena.*

Hesabu: tashihisi moja, tashibihi moja, sitiari moja, tanakali moja. Zilizobaki ni sentensi za hatua ya 2, karibu zilivyo.

Kisha mpelekee mtu wa bahari, umsomee. Akisema "maneno mazuri", bado, anakustahi tu. Akikaa kimya akitazama pembeni, uliza sentensi gani imemtoa kwenye mwamba, maana kuna moja. Lakini akikukatiza katikati, "Hapo hapo, na ungengoja kidogo ungemwona anavuta jiwe kuziba mlango", basi amemwona pweza wako. Toa penseli uandike hilo la jiwe kabla hajaendelea.

Halafu muulize kuhusu taa au kaa, na ufungue kalenda. Maji ya bamvua yanayofuata yako wiki mbili mbele.